Kwa nini "please" imejaa kila sentensi na bado mgeni anasikia amri?

#1 Mtoa Funguo
Wakuu, salaam. Swali langu ni la watu wa mapokezi, mezani, getini na kwenye magari ya wageni. Mhudumu kafundishwa kupachika "please" kila mahali, na kweli anapachika: "Please give me your passport." "Please wait." "Please sign here." Mgeni anaondoka, halafu kwenye maoni anaandika kwamba watu wa mapokezi ni wakali. Mhudumu huyohuyo kwa Kiswahili ni mpole hadi anaboa. Kosa liko wapi hasa: kwenye sarufi, kwenye sauti, au wageni nao wana yao? Leteni sentensi zinazotumika kazini na mseme zinaharibikia wapi. Nadharia wekeni mfukoni.

#2 Kalamu Nyekundu
Ni sarufi. Kitenzi kikianza sentensi, hiyo ni amri, na "please" haiifuti. Mgeni hajaachiwa upenyo wa kusema hapana. Kiswahili kinampa mhudumu "naomba", kinampa na ile -e ya mwishoni: uandike, ungoje, unipatie. Ombi limeshakaa humo ndani. Akihamia Kiingereza anaviacha vyote viwili mlangoni, anabaki na kitenzi kikavu.

Pasipoti: "Could I see your passport, please?" Hiyo ni ya kila siku. Ukitaka kubaki nayo kidogo, jambo ambalo mgeni hakulitarajia: "Would you mind if I kept it for ten minutes to make a copy?" Ukitaka ahame chumba, hapo anakufanyia hisani, kwa hiyo panda zaidi: "I was wondering if you'd be willing to move to another room." Kipimo ni usumbufu anaoupata mgeni. Ukitumia hiyo ya tatu kuombea pasipoti, ataanza kuhisi viza yake ina matatizo.

Na "please" ikae mwisho. Ikikaa katikati, "Could you please wait", ukaikaza kidogo tu, inasikika kama unamwambia mara ya tatu.

#3 Nanga
Sarufi mnaionea. Ni sauti. Kiswahili mkazo wake umekaa pale pale, silabi ya pili kutoka mwisho, na swali la ndiyo au hapana mara nyingi tunalitengeneza kwa kupandisha sauti tu. Kiingereza kinahamisha mkazo na maana inahama nao. Chukua "Can I help you?" Isemwe kwa sauti nyepesi inayopanda mwishoni, ni ukarimu. Isemwe kwa kukaza "help" na kuishusha "you", ni mlinzi anayeuliza unatafuta nini hapa. Maneno ni yale yale manne.

Mbaya zaidi ni "Yes?" peke yake, ile "enhe?" yetu iliyovalishwa Kiingereza. Mgeni anasikia "una shida gani tena". Badala yake sema "Good morning, how can I help?" na umtazame kabla hajafika mezani, si baada ya kumaliza kuandika.

#4 Sinia la Pili
Mkuu #2, hapo kwenye "kitenzi kikianza ni amri" umekata kwa panga. "Have a seat." "Help yourselves." "Mind the step." "Enjoy your stay." Zote zinaanza na kitenzi na hakuna mgeni aliyenuna. Sababu ni kwamba anayefaidika ni mgeni mwenyewe. Amri inauma pale anayefaidika ni hoteli: saini, lipa, subiri, hama. Faida ikiwa ya mgeni, kitenzi kitupu kinatosha, hata "please" si lazima. Ikiwa yako, tumia "could".

#5 Kalamu Nyekundu
Basi nieleze "Sit down." Faida ni ya mgeni, na bado ni mwalimu anamwambia mwanafunzi.

#6 Sinia la Pili
Ndiyo maana kuna "have a seat". Una kalamu nyekundu kweli wewe.

#7 Simu ya Mezani
Kwenye simu hakuna tabasamu la kuokoa sentensi, ndiyo maana makosa yanaonekana zaidi. Haya ndiyo yanayojirudia.

"Who are you?" au "Who is this?" ni tafsiri ya "naongea na nani". Sema "May I ask who's calling, please?" Jina likishapatikana, litumie mara moja au mbili tu, likizidi mgeni anahisi anauziwa kitu.

"He is not around." Inatoka kwenye "hayupo". Mgeni anabaki na mlango umefungwa usoni. "I'm afraid he's not available at the moment. Could I take a message, or would you like to speak to someone else?" Kila "hapana" ya simu iambatane na njia mbili za kutokea.

Kumweka mtu asubiri: usiseme "hold on" ukaondoka. "Would you mind holding for a moment?" kisha NYAMAZA usubiri jibu. Wengi wanauliza na kubonyeza kitufe hapohapo, wakati mgeni anayepiga kutoka nje ya nchi huenda dakika zinamkata. Ukirudi usianze na "hello?", anza na "Thank you for holding."

Na ile "I'm coming" ya kusema huku unaondoka! Kwetu "nakuja" inaeleweka. Mgeni anaona mtu anasema anakuja huku anampa mgongo. Ni "I'll be right back." Na kama si mara moja, taja dakika.

#8 Mkalimani Nje
Naona wote mnamfikiria mgeni mmoja tu, Mwingereza aliyekulia kwenye "would you mind". Wasafiri wengi mnaozungumza nao Kiingereza chao ni cha pili au cha tatu kama chenu: Mjerumani, Mfaransa, Mchina, Mwitaliano, Mbrazili. Kwa huyo, "I was wondering if you'd be willing to" ni msitu. Anasikia "wondering", anatafuta maana, sentensi imeshaisha.

"Would you mind" ndiyo mtego mkubwa. Ukimuuliza "Would you mind sharing the vehicle?" akajibu "Yes", amekubali au amekataa? Kwa sarufi amekataa, maana swali ni kama itamkera. Kwa nia yake, mara nyingi amekubali. Mnampangia gari na wenzake, au mnamtafutia la peke yake, na yote mawili yanaweza kuwa makosa.

Adabu kwa msafiri wa namna hii ni kueleweka mara ya kwanza. Sentensi fupi, wazo moja, neno moja la heshima, uso mwema. Basi.

#9 Kalamu Nyekundu
"Would you mind" nakuachia. Lakini "Could I" na "Would you like" zinafundishwa kwenye masomo ya mwanzo kabisa ya Kiingereza, Mjerumani na Mchina wanazijua. Ufupi usiwe kisingizio cha kurudi kwenye "Give me".

#10 Mkalimani Nje
Hakuna aliyesema "Give me". Nimesema fupi. "Your passport, please?" kwa sauti ya Nanga inatosha, haina hata kitenzi.

Na mtego unaotuhusu sisi zaidi ya wageni ni swali la kukanusha. Mgeni anauliza: "So breakfast isn't included?" Kiswahili tunakubaliana na kauli: "ndiyo, haimo". Mhudumu anajibu "Yes". Mgeni anasikia "Yes, it is included", anakula, asubuhi ya kuondoka anakuta bili. Kiingereza hakikubaliani na kauli, kinafuata ukweli wa jambo: kama haimo ni "No, it isn't", kama imo ni "Yes, it is". Usimfundishe mhudumu sheria hiyo akiwa na foleni mbele yake. Mfundishe asijibu kamwe kwa yes au no tupu kwenye swali lenye "not", aseme jambo lenyewe zima: "Breakfast is extra." Hapo hata kama "yes" imemponyoka, sentensi inarekebisha.

#11 Bi Ratiba
#10 hapo ndipo hela zinapopotelea. Pa pili ni saa. Kila mtu anajua saa moja asubuhi ni "seven", darasani hakuna anayekosea. Kosa linazaliwa kwenye karatasi. Wa mapokezi anasikia "seven", anaandika "saa 7". Dereva anasoma saa saba, yaani kwa mgeni ni saa 13:00. Wote wawili wako sahihi na mgeni yuko barazani na mabegi.

Dawa: kwenye karatasi za ndani neno "saa" lisiandikwe kabisa. Andika tarakimu nne, 07:00 au 19:00. Kwa mdomo ongeza sehemu ya siku, "seven in the morning", na umwombe mgeni athibitishe kwa njia isiyomfanya mtoto: "So that's pick-up at seven in the morning, from the main entrance. Is that right?" Usimuulize "Have you understood?" wala "Are you getting me?" Hiyo "unanipata?" yetu ikivuka, inakuwa kumpima akili.

Jihadharini pia na "half seven". Mwingereza akisema hivyo ana maana 07:30. Mjerumani na Mholanzi kwa lugha zao nusu hiyo ni ya kuelekea saba, 06:30, na wengine hubeba mazoea hayo kwenye Kiingereza. Ukisikia "half", rudia: "Seven thirty?" Tarehe nazo: 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwa Mwingereza ni Aprili 3. Andika mwezi kwa herufi.

#12 Panda Juu
Sasa nimeelewa kwa nini dereva hufika mchana ametulia, eti anashangaa mgeni kanuna.

#13 Nanga
Ongeza namba. "Thirteen" na "thirty" ndizo zinazopeleka mtu kwenye mlango wa mwenzake. Kaza mwisho: thirTEEN, na mwanzo: THIRty.

#14 Kalamu Nyekundu
Hiyo inafanya kazi neno likiwa peke yake. Likifuatwa na nomino yenye mkazo, kama "thirteen bags", mkazo wa "thirteen" wenyewe unarukia mbele, na hapo tofauti yako imekufa. Hata wazawa wanachanganya kwenye simu. Taja tarakimu mojamoja: "room one-three", "three-zero".

Kwa majina tumia alfabeti ya marubani, ile ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, iliyoanza kutumika 1956: Alfa, Bravo, Charlie, Delta. Si lazima mgeni awe anaijua. "D for Delta" inaeleweka yenyewe. B, D, P, T na V ndizo zinazofanana sana kwenye laini mbovu. Na kwa sisi, R na L zichungeni.

#15 Mizigo Mitatu
Uwanja wa ndege mmeusahau. Pale kuna msafiri aliyeombewa msaada tangu kwenye tiketi, na kwenye orodha anakuja na herufi nne: WCHR, WCHS, WCHC (zote tatu za kiti cha magurudumu), BLND (asiyeona), DEAF (asiyesikia). Mhudumu anazisoma kama jina la mtu: "Are you the wheelchair?" Nisiongeze neno. Muite kwa jina: "Ms Fulani? Good afternoon. I'm here to take you to your gate. How would you like me to help?"

Swali la "how" ndilo lenye adabu. Usishike kiti wala mkono kabla hajajibu. Asiyeona hashikwi mkono akavutwa, mpe kiwiko akishike yeye: "Would you like to take my arm?" Kisha mweleze kinachokuja kabla hakijafika: "There's a ramp going down." Na uzungumze naye yeye, si mtu aliyeongozana naye. "Does he want water?" mbele ya mwenye masikio yake ni tusi hata ukiongeza "please" kumi.

WCHC ni yule anayeweza kutembea kidogo, WCHR hatembei kabisa.

#16 Bi Ratiba
Umegeuza, na hapo kosa linamwacha mtu ndani ya ndege. WCHR anahitaji kiti kwa ajili ya umbali tu, ngazi anapanda na ndani ya ndege anatembea. WCHS hawezi ngazi ila ndani anatembea hadi kiti chake. WCHC hawezi kutembea, anahitaji kusaidiwa hadi kwenye kiti chenyewe. R ni rampu, S ni ngazi, C ni ndani ya kabini. Mengine yote uliyoandika nayaunga mkono.

#17 Mtoa Funguo
Shukrani wote. Hapo kwenye jina nina swali: "Mr John" ni sawa? Wahudumu wengi wanaipenda.

#18 Simu ya Mezani
Si sawa kwa Kiingereza cha kawaida. Mr, Mrs na Ms huenda na jina la ukoo. "Mr John" kwa aliyeitwa John Smith inasikika kama shule ya chekechea. Mwanamke usiyejua anavyopenda kuitwa, Ms. Usimuulize kama ameolewa.

Jina la ukoo ni lipi? Usikisie kwa mpangilio, maana Wachina, Wakorea na Wahungari kwa desturi yao hutanguliza la ukoo. Tazama mistari miwili ya herufi kubwa chini ya ukurasa wa picha ya pasipoti. Baada ya herufi za nchi linakuja jina la ukoo, kisha alama mbili za << mfululizo, kisha majina mengine. Kilicho kabla ya << ndicho kinachofuata Mr au Ms. Wahispania wengi wana majina mawili ya ukoo, na hapo yametenganishwa kwa < moja. Ukikwama kabisa: "How would you like to be addressed?"

#19 Sinia la Pili
"My friend", "mama", "papa", "dear", "boss" je? Kwetu ni heshima. Kwa mgeni "mama" inategemea, wengine wanafurahi, wengine wanahisi umewazeesha. Na tafsiri ya "mzee" msithubutu. "Old man" haina shikamoo ndani yake.

#20 Panda Juu
Kwani shikamoo wanaisemaje?

#21 Sinia la Pili
Hawaisemi. "Good morning, sir", ukasimama wima.

Nirudi mezani. Hapa "hapana" ndiyo inayoharibu. "Fish is finished" ni "samaki wameisha" neno kwa neno, na mgeni anahisi ni kosa lake kuchelewa. "I'm afraid we've run out of the fish tonight. The chicken is very good, or I can ask the kitchen about something else." Muundo ni huo kila mara: "I'm afraid", jambo lenyewe, kisha kinachowezekana. Usijaze sababu tano katikati.

Mgeni akikataa, jueni sura za kukataa. "I'm good" ya Mmarekani na "I'm all right, thanks" ya Mwingereza kwenye swali la kuongeza kinywaji ni HAPANA. Mhudumu anasikia "good" na "all right", anamimina. "Entrée" kwa Mmarekani ni chakula kikuu, kwa Mfaransa na Mwaustralia ni cha kuanzia. Ukisikia neno hilo thibitisha kwa jina la chakula.

Mzio ndiyo sehemu ambayo adabu na usalama ni kitu kimoja. "Do you have any allergies?" kabla ya oda, kwa kila meza. Mgeni akiuliza kama chakula kina "nuts", jibu "I think it's OK" ni la hatari, na "No, no, no problem" ni mbaya zaidi. Sema: "Let me check with the kitchen", uende kweli, urudi na jibu la jikoni. Uliza pia ni karanga au ni jamii ya korosho na lozi, kwa sababu ni mizio miwili tofauti na "nuts" huzifunika zote. Wageni wa Umoja wa Ulaya wamezoea orodha ya vyakula 14 vinavyotakiwa kutajwa, Marekani ni 9 tangu ufuta uongezwe 2023. Kwa hiyo akikuuliza habari za haradali au figili usidhani anatania.

#22 Bi Ratiba
Si figili, ni seleri. Ile "celery". Hapo ndipo jikoni wanapokuletea jibu la mboga nyingine.

#23 Sinia la Pili
Seleri, ndiyo. Haradali imebaki pale pale.

#24 Usukani
Nimewasoma wote na "could" zenu. Nyuma ya usukani kuna wakati "could" inaua. Mnyama yuko mita chache, mgeni anafungua mlango, husemi "Would you mind staying inside?" Unasema "Stay in the car!" Wahudumu wa ndege nao hivyohivyo, kwenye dharura ni "Leave everything! Come this way!" Hakuna anayewalalamikia. Hatari ikiwepo, amri tupu ndiyo adabu, kwa sababu mtu aliyeshtuka hasikii kiambishi.

Fanya hivi: adabu yote imalizie mwanzo wa safari. "Before we go, a few things for your safety. If I say 'stop', please stop at once, even if I can't explain." Ukishaomba ruhusa hiyo asubuhi, mchana ukipaza sauti hakuna anayeona umemvunjia heshima. Hatari ikipita, eleza kwa sentensi moja: "Sorry to shout, he was very close."

#25 Nanga
Usukani kaua hoja ya sarufi. "Stay in the car" ni kitenzi mwanzoni na mgeni anashukuru.

#26 Kalamu Nyekundu
Kaithibitisha ya #4: faida ni ya mgeni. Sauti yako haijaingia hata kidogo, maana kapiga kelele.

#27 Mtoa Funguo
Tuje kwenye malalamiko. Wengi wanafundishwa ile LAST (Listen, Apologise, Solve, Thank): sikiliza, omba radhi, tatua, shukuru. Inafaa?

#28 Simu ya Mezani
Mpangilio ni mzuri, kinachoharibu ni maneno. Wa kwanza wa kuogopwa ni "you". "You didn't pay", "You gave us the wrong date", "You are late." Hata kama ni kweli, mgeni anajitetea. Ondoa mtu, bakiza tukio: "The payment doesn't seem to have gone through." "We have a different date here." "I'm afraid the boat has already left." Hii "seem" ni ndogo ila inampa mgeni nafasi ya kugundua kosa lake bila kuaibika.

Radhi nayo iwe ya jambo mahsusi. "Sorry for any inconvenience" imechoka, watu wanaisikia kwenye spika za treni. "I'm sorry the room wasn't ready" inaonyesha umesikiliza.

#29 Mkalimani Nje
Na "sorry" ya pole? Mgeni kajikwaa, wahudumu watatu wanasema "Sorry! Sorry! Sorry!" Mgeni anajibu "It's not your fault", anashangaa kwa nini wanajitetea. Anachotarajia ni "Are you all right?" Ya msiba au ugonjwa ni "I'm sorry to hear that."

#30 Sinia la Pili
Mimi hiyo siioni kosa. Mgeni anashangaa siku ya kwanza, ya pili anaipenda. Si kila cha kwetu lazima kipigwe pasi.

#31 Kalamu Nyekundu
"Sorry" ibaki basi, ila ifuatwe na "are you all right?" Kinachonikera ni "Welcome" baada ya mgeni kusema "Thank you". Ni "You're welcome". "Welcome" tupu ni ya mlangoni. Na "Welcome again" wakati anaondoka ni "karibu tena", waseme "We hope to see you again."

#32 Panda Juu
Na "No problem"? Vijana ndiyo jibu lao la kila kitu.

#33 Nanga
Haina shida, wageni vijana nao wanaitumia.

#34 Simu ya Mezani
Ina shida kwa wageni wa umri mkubwa, hasa Wamarekani. Wanasikia kwamba huenda kulikuwa na "problem" katika kuwahudumia. "My pleasure" au "You're welcome" haimkeri mtu yeyote.

#35 Nanga
"My pleasure" kwa aliyeomba kijiko? Mwingereza atadhani unamtania.

#36 Bi Ratiba
Na "kindly" nani ataisemea? "Kindly wait", "Kindly pay here." Afrika Mashariki na India ni adabu ya ofisini. Mwingereza anaisikia kama mwalimu mkuu aliyekasirika.

#37 Kalamu Nyekundu
Kwenye barua bado inapita. Kwa mdomo iachwe.

#38 Mkalimani Nje
Mgeni kutoka India anaielewa vizuri kuliko "would you mind" yenu. Tunarudi palepale: mnamhudumia nani?

#39 Usukani
Aliyepo mbele yako. Sasa nisaidieni moja kabla uzi haujazama: mgeni anauliza chumba kiko wapi, mhudumu anasema "first floor". Mmarekani anazunguka chini, Mwingereza anapanda. Nani kakosea?

#40 Panda Juu
Mwenye jengo.

#41 Bi Ratiba
Kwa Mmarekani "first floor" ni ya chini kabisa, kwa Mwingereza ni ya kwanza kupanda. Achana na namba ya ghorofa, elekeza kwa miguu: "Up one flight of stairs, then the second door on your left." Na usiseme "just there" wala "this side", taja dakika au milango.

#42 Mkalimani Nje
"Flight" ya ngazi? Mgeni wangu wa Kiingereza cha tatu atakuuliza inaondoka saa ngapi.